Gunia la Kilo Hamsini na Saba

Kingi, siku moja kabla ya safari yako

Furaha, mama yangu,

Umekwenda kuaga kwa bibi yako, na namjua mama aliyenizaa: hatakuachia kabla hujala mara tatu. Kwa hiyo nina alasiri nzima ya kuandika. Mvua imeanza kunyesha. Nimekaa mlangoni penye mwanga, daftari lako la zamani juu ya goti, na kuku wamejaa miguuni wakidhani nina punje mkononi.

Mambo ya blanketi, ya chumvi, ya maji ya kuchemsha na ya namna ya kukaa juu ya mizigo ya kamyo bila kuchafua nguo, mama yako ameyasema tangu Jumatatu, na kesho atayasema tena mbele ya dereva. Mimi sitayagusa. Mimi nataka kukuandikia juu ya ngumi.

Cheka tu. Najua utasema, "Papa, hata siku ya kuniaga iko na ubishi!" Ndiyo, mwanangu, mimi ni mbishi, na wewe umeupata ubishi huo pamoja na paji langu la uso. Lakini soma hadi mwisho, maana kesho kutwa utalala Mpofi katika nyumba ya papa yako mdogo Anselme, utakula kwenye sahani zake, utatoka hapo kila asubuhi kwenda kufundisha watoto. Na mimi siwezi kukupeleka kula mezani kwa mdogo wangu na huku nimemficha jambo kwa miaka minane.

Tangu upate masikio umenisikia nikibishana kwenye banda la kasiksi, pombe yetu ya ndizi, baada ya Misa. Neno ni lile lile: nani mkubwa kuliko wote wa uzani wa unyoya, poids plume, wale watu wepesi wasiopita kilo hamsini na saba? Mama yako alikuwa akipita na kuni zake kichwani anatucheka: "Kilo makumi tano na saba! Iyo unyoya ni ya ndege gani?" Nasi tunaendelea. Katekista wetu, Papa Deogratias, aliapa kwa Mmarekani mmoja ambaye habari zake alizisoma katika gazeti lililofungiwa sabuni. Alisoma nusu ya habari tu, maana nusu nyingine ilikwenda na sabuni ya mtu mwingine, lakini alimtetea Mmarekani wake kama mtoto wake wa kumzaa. Wengine walikuwa na watu wao wa kwenye redio.

Mimi nilikuwa na Sindano. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi miaka miwili kwenye machimbo ya bati huko Walikale, na Sindano alikuwa mwosha mchanga wa pale. Wiki nzima amesimama ndani ya maji hadi magotini, na Jumapili anapiga ngumi kambini. Mtu mfupi, mkavu, hata ukimlowesha na nguo zake hafiki kilo hamsini na tatu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unatoka na kurudi kabla hujajua kwamba umetoka. Nilimwona mara nne. Kwa hiyo kwenye banda la kasiksi nilikuwa na swali moja la kuwafunga wote midomo: "Weye ulimuona na macho yako?" Na hakuna aliyekuwa amemwona Mmarekani. Nilishinda ubishi kwa miaka mingi kwa swali hilo moja, na ushindi wa bure unazoeleka haraka kama sukari.

Nilirudi Kingi na glavu mbili kuukuu, na nikamfundisha mdogo wangu Anselme kwenye uwanja wa nyuma, pale panapoanikwa muhogo. Nilimfundisha kila nilichokiona kwa Sindano. Alishika upesi. Kisha akaanza kufanya mambo ambayo sikumfundisha. Nilimwambia asimame hivi, akasimama vile, na vile ikawa bora. Alikuwa na namna ya kurudi nyuma hatua moja tu, ndogo, kana kwamba amekumbuka kitu nyumbani, na ngumi ya mwenzake inapita hewani, na yeye tayari amekwisha kurudi na kupiga mara mbili. Hapo uwanjani nilikuwa namgombeza. "Mi sikukufundisha ivyo!" Naye anacheka, "Kaka, miguu njo inanifundisha."

Sasa nikueleze habari ya gunia, maana ulikuwa mdogo na pengine umelisahau.

Siku hizo vijana wa vilima hivi walipigana siku za sikukuu, na Papa Deogratias ndiye aliyepanga. Mzani wa kweli ulikuwa mmoja tu, wa mnunuzi wa maharagwe pale Masisi, na mnunuzi hakutaka watu wapande juu yake na miguu ya matope. Basi tukafanya werevu wetu. Mwezi wa kwanza, wakati wa mavuno, tulijaza gunia kwa maharagwe ya shamba langu, tukalipima kwa mnunuzi kilo hamsini na saba kamili, tukalishona mdomo kwa uzi mwekundu. Kwenye mti wa avoka wa karibu na kanisa tulifunga mti mrefu wa kupimia, upande mmoja gunia, upande mwingine kibao cha kukalia. Mpigana ngumi anakaa kwenye kibao. Akipanda juu au akilingana na gunia, ni mwepesi, anapigana. Akishuka chini, ni mzito, aende akatoke jasho. Kulinda gunia walinipa mimi, kwa sababu maharagwe yalikuwa yangu na kwa sababu hakuna aliyenitilia shaka. Nililiweka juu ya dari ya jikoni, pale juu ya moto, panya wasilifikie.

Unaona jambo hilo? Wewe umekulia kwenye maharagwe, bila shaka umekwisha kuliona. Lakini sisi hatukuliona. Vilima vizima vya wakulima, watu wanaojua kwa kuuma punje moja kama imekauka ao bado, watu wanaolia kila mwaka kwamba maharagwe ya mwezi wa kwanza hayana kilo zile zile mwezi wa nane! Tulilishona gunia kwa uzi mwekundu, na tangu siku hiyo hatukuliita maharagwe tena. Lilikuwa "kilo hamsini na saba".

Mwaka ule, mwaka mmoja baada ya uhuru, Papa Deogratias alituma neno Walikale, na Sindano mwenyewe akakubali kuja kupigana na Anselme siku ya sikukuu ya Agosti. Fikiria, mama. Ubishi wetu wote ulikuwa unakuja kwa miguu kutoka Walikale. Na mimi, ambaye ningepaswa kuruka kwa furaha, nilianza kukosa usingizi. Watu walikuwa wamekwisha kuanza kusema kwenye banda la kasiksi, "Anselme atamushinda." Hata Papa Deogratias alimwacha Mmarekani wake. Nilijiona nabaki peke yangu na Sindano wangu. Kama Anselme akishinda, mimi ni nani? Nilikuwa mtu aliyemwona Sindano. Hicho kilikuwa cheo changu chote hapa Kingi.

Na zaidi ya hapo, nikuambie bila kuzunguka: nilimwonea wivu mdogo wangu. Nilimpenda, na nilimwonea wivu. Vyote viwili vilikaa ndani yangu vizuri kabisa, kama kondoo na mbuzi katika zizi moja.

Asubuhi ya sikukuu nilipanda darini kuchukua gunia. Mwezi wa pili nilikuwa nimelibeba hadi kanisani nikiguna na kupumzika mara mbili njiani. Siku ile nililitia begani na nikasimama nalo wima. Nilijua papo hapo, Furaha. Bega la mkulima halihitaji mzani. Nililishusha, nikaligonga kwa kiganja, nikasikia ile sauti kavu ya maharagwe yaliyokaa juu ya moto kiangazi kizima. Nikalitia tena begani, nikaenda. Njia nzima nilikuwa najiambia kwamba nitasema nikifika. Nilipofika watu walikuwa wengi, Sindano amekaa kwenye jiwe amefunga viatu kwa kamba, akaniinukia na kunisalimu kwa jina langu. Alikuwa ananikumbuka! Nikafurahi kama mtoto, na sikusema.

Sindano alikaa kwenye kibao, akapanda juu kama jani. Anselme akakaa, akashuka chini. Wakafungua, wakafunga tena kamba, akashuka tena. Watu wakaanza kunung'unika. Alivua shati, akavua viatu, akashuka. Wakampa muda hadi jua lifike juu ya kilima. Alijifunika mablanketi mawili akaanza kukimbia, hadi juu kwenye mikaratusi na kurudi, hadi juu na kurudi, anatema mate ili kupunguza hata hayo. Maji hakugusa. Aliporudi mara ya nne midomo ilikuwa imepasuka. Akakaa kwenye kibao, na kibao kikashuka, kidogo tu sasa, kama kwa dharau.

Akanigeukia. Aliniuliza mimi, siyo katekista. "Kaka, uniambie kweli. Mi najua mwili yangu. Hii mufuko haina mubaya?"

Na mimi nikamjibu mbele ya watu wote: "Mufuko haidanganyake. Tumbo yako njo inadanganya."

Watu walicheka sana. Walinipigia makofi kwa jibu hilo. Anselme aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba ni kweli, juzi alipita kwenye ubatizo njiani, wakampa ndizi mbivu mbili, akala. Watu wakacheka zaidi. Akakimbia mara mbili tena, na mwishowe kibao kikalingana.

Pigano uliliona mwenyewe, umesimama juu ya mzizi wa ule mti wa avoka. Ulikuwa na miaka tisa. Sijui unakumbuka nini. Mimi nakumbuka duru mbili za kwanza. Nimemwona Sindano mara tano maishani mwangu, na wale wa Ulaya na Amerika nimewasikia kwenye redio ya duka wakisifiwa kama watakatifu. Sijawahi kuona wala kusikia kitu kama mdogo wangu katika duru zile mbili. Sindano alikuwa anapiga mahali ambapo Anselme alikuwa amekwisha kuondoka. Ile hatua moja ya nyuma, mama! Watu waliacha hata kushangilia. Bibi mmoja nyuma yangu alikuwa anasema polepole, "Angalia ule mutoto, angalia ule mutoto," kama anasali.

Duru ya tatu miguu ilimwacha. Niliona inavyomwacha. Alirudi ile hatua yake moja, na goti likakataa, na mkono wa kushoto wa Sindano ukamkuta pale pale. Akaanguka, akainuka, akaanguka. Papa Deogratias akasimamisha pigano, na watu wakanibeba mimi begani, kwa sababu nilikuwa nimeshinda ubishi.

Wakati wa kuvua glavu Sindano aliniita kando. Uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja. Alisema, "Huyu mutoto, kama angekuwa amekula na amekunywa, leo ningerudi Walikale na meno yangu mu mufuko ya shati. Banamulisha nini kwenu?" Nikainama kuokota glavu. Jioni ile wewe ulikuja ukaniuliza, "Papa, juu ya nini papa mudogo alianguka?" Nikakuambia, juu ya ndizi. Ukaenda ukamwambia bibi yako, na kesho yake Kingi nzima ilikuwa inamwita Ndizi Mbili.

Hakupigana tena. Mwaka uliofuata alihamia Mpofi, akaoa, akalima, na amekuwa mtu wa maana huko. Akija kwetu Noeli tunazungumza juu ya mvua na muhogo. Umewahi kuniuliza kwa nini tukiwa pamoja hatutaji ngumi, nami nikakutuma kuteka maji. Sasa angalia jambo jingine, maana una macho: umeona papa yako mdogo akila ndizi mbivu? Ukimpa, anaipitisha kwa mtoto wa karibu. Anasema tumbo lake halizipendi. Miaka minane, Furaha. Anaamini kwamba alikuwa na siku moja kubwa maishani na kwamba aliiuza kwa ndizi mbili kwenye ubatizo wa watu.

Wiki moja baada ya sikukuu nililipeleka gunia Masisi kwa siri, nikampa mnunuzi chumvi kidogo anipimie. Lilikuwa kilo hamsini na tatu na nusu. Nililirudisha nyumbani, nikakata uzi mwekundu, na tukayala yale maharagwe. Nawe uliyala. Mama yako alilalamika kwamba hayaivi, yamekauka mno, na mimi nikasema aongeze kuni.

Mara mbili nimefunga safari kwenda kumwambia. Mara zote mbili nilifika Kashebere, pale penye daraja, nikanunua muhogo wa kuchoma, nikaula, nikageuka. Nyumbani nikasema daraja limevunjika. Kama umewahi kushangaa kwa nini daraja lile huvunjika kila nikitaka kulivuka mimi, sasa unajua.

Juzi nilimwambia mama yako yote. Aliendelea kuchambua mchicha, kisha akasema: "Baba Furaha, miaka yote hii nilifikiri ni mwanamuke mwengine njo unaficha. Afazali ingekuwa mwanamuke." Kisha akalia, na mimi nikalia. Halafu akaniambia niandike, maana kwa mdomo ningefika tena Kashebere tu.

Mama yangu, wewe unakwenda kuwa mwalimu. Utapewa chaki na daftari la alama, na watu watakuamini kama walivyoniamini na gunia. Sina mafundisho mengi. Lakini mtoto akishuka kwenye kibao chako mara moja, mbili, tatu, na akakutazama usoni akasema anajua mwili wake, shuka kidogo ukaguse gunia. Na siku moja atakuja mmoja atakayekupita. Atafanya jambo ambalo hukumfundisha, nalo litakuwa bora. Utasikia kitu tumboni. Mimi nilikisikia nikakiita haki, nikakiita kulinda jina la Sindano. Kilikuwa wivu tu. Ukikisikia, sema hata peke yako jikoni, "huu ni wivu," kisha umpe mtoto maji anywe.

Na jingine ni hili: jihadhari na jibu linalochekesha watu. Mimi nimetoa majibu mengi mazuri maishani, nawe una ulimi wangu. Lile jibu la tumbo ndilo zuri kuliko yote niliyowahi kutoa, na ningetoa shamba la chini lote nilirudishe mdomoni.

Jumapili hii, baada ya Misa, nitasimama kwenye banda la kasiksi niwaambie wabishi wote. Papa Deogratias bado yuko, na wengi waliocheka siku ile bado wako. Watanizomea, na wana haki. Mzee mzima nitaitwa Maharagwe hadi kaburini, wewe subiri tu. Lakini sitaki Anselme asikie kwa mdomo wa soko kabla ya kusikia kwangu, ndiyo maana barua hii inatangulia na wewe.

Ukifika Mpofi, usimpe siku ya kwanza, mkiwa mmejaa salamu. Ngoja mpumzike. Kisha mpe yote, kuanzia mstari wa juu, na umwache asome peke yake. Akikasirika, hasira ni yangu, wewe usiibebe. Akisema hataki kuniona, niandikie hivyo hivyo, usinitengenezee maneno. Akisema nije, nitakuja, na daraja la Kashebere halitavunjika.

Anselme, ndugu yangu, kama umefika hapa: ulikuwa na kilo hamsini na sita na kidogo. Mwili wako ulikuambia kweli. Mimi ndiye niliyekudanganya. Nimebishana miaka ishirini juu ya nani mkubwa wa uzani wa unyoya, na jibu nililijua tangu duru ya pili. Ni wewe.

Furaha, bibi yako anakohoa kule njiani, nadhani amekusindikiza mwenyewe katika mvua hii. Nafunga. Nakupenda kuliko ninavyojua kusema, na nyumba hii itakuwa na ukimya mbaya kuanzia kesho, hakuna wa kunikatalia neno.

Katika kikapu chako, chini ya unga, nimeweka chane ya ndizi. Ni mbichi leo, zitaiva ukifika. Akimaliza kusoma, ziweke mezani, usiseme kitu. Na ukimwona amemenya moja, niandikie siku hiyo hiyo.

Papa yako